Usafi Ulivyotuponza Mferejini

Kwa wale mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiuliza kama kweli niliutupa ule mchoro wa watu mferejini: ndiyo, niliutupa, na ulielea vizuri tu mpaka darajani. Msomaji mmoja kaniandikia kwamba mimi ni mkorofi. Sikatai. Ila ningependa kumwona yeye akionyeshwa picha ya maghorofa yamesimama juu ya shamba la marehemu baba yake, huku mwanamume mwenye tai akimwambia, "Hapa mama ndipo itakapokuwa bustani ya watoto." Tungeuona huo upole wake.

Aliyeanza kusoma leo nisimwache nyuma. Shamba letu liko kando ya mfereji, chini kuliko mashamba yote, na watu wa huku wanaliita Beseni. Mfereji ukijaa kupita kiasi, tunafungua lango la juu na kuyalaza maji Beseni. Yanatulia pale, ardhi inayanywa polepole, maisha yanaendelea. Tusipoyalaza, yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye kona, na kwenye kona kuna nyumba moja tu.

Nyumba hiyo ni ya mama yangu. Mama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yake yamebaki ya kuhesabu. Mimi, niliyeachika nikarudi nyumbani na mabegi yangu, ndiye ninayemlea humo, na nyuma ya nyumba nauza miche.

Sasa kaka yangu mkubwa, mwenye tipa, ameamua Beseni lijengwe nyumba. Kampuni ikipata kibali italijaza kifusi hadi liwe juu kuliko barabara, na kifusi atakibeba nani? Yeye. Ukimuuliza maji yatakwenda wapi, anakwambia wataalamu wapo. Ukimuuliza wataalamu wataishi kwenye kona ile na mama, anawasha gari.

Hapo ndipo tulipoishia. Ya leo yananiuma zaidi, kwa sababu humu ndani wa kulaumiwa ni mimi.

Yule mwenye tai, ambaye sisi tunamwita Bwana Mchoro, alikuja kwenye kikao cha kamati ya mfereji. Mimi ni katibu wa kamati. Alikuja na mchoro mpya, na safari hii aliushika kwa mikono miwili nilipokuwa karibu.

"Mtaalamu wa mazingira anakuja kukagua," akasema. "Yeye hatufanyii kazi sisi. Anatumwa na ofisi inayotoa kibali. Akisema shamba linafaa, tunajenga. Akisema halifai, sisi na ninyi tunaagana kwa amani."

"Aje hata leo," nikasema.

"Atakuja wiki ijayo. Naomba mumpokee vizuri."

"Unatufundisha kupokea wageni?"

Kumbe pale ndipo nilipoingia mtegoni, na mtegaji nilikuwa mimi mwenyewe. Alipotoka tu nikasimama mbele ya kamati.

"Mmesikia. Anakuja mtu mkubwa. Beseni lilivyo sasa ni aibu tupu. Waya umejaa takataka zilizoletwa na maji, matete yamepita kichwa, ukuta wa nyumba ya pampu una tope mpaka kifuani. Akituona hivi atasema hawa watu hawajali shamba, bora wajengewe. Kesho kila nyumba itoe mtu."

Hakuna aliyepinga. Nani huku kwetu anapinga kufagia kwa ajili ya mgeni? Hata mke wa mtu akisikia mama mkwe yuko njiani, kitu cha kwanza anachokamata ni ufagio.

Basi tukafanya kazi. Tulifyeka matete yote. Tulitoa kwenye waya majani, mifuko, kamba, na kandambili moja ambayo mafuriko yaliiacha juu usawa wa macho yangu. Tope lililokauka likapasuka vipande vipande tulilipiga reki mpaka shamba likawa laini kama uwanja wa harusi. Jirani yetu Buti, anayeitwa hivyo kwa kuwa huvaa buti za mpira hata msibani, alikuwa na chokaa iliyobaki kwenye ujenzi wa choo chake.

"Katibu, huu ukuta wa pampu niupake?"

"Upake wote," nikamwambia. "Usiache hata doa."

Wifi yangu alikuja. Mke wa kaka alikuwa hajawahi kukanyaga Beseni tangu aolewe. Kucha zake haziruhusu. Siku hiyo alikuja na soda za baridi kwa wafanyakazi wote, akasimama kwenye tuta, akatuangalia kwa raha.

"Wifi, unafagia kama unalipwa."

"Na wewe unagawa soda kama unagombea."

"Endelea tu, wifi. Pale kwenye kona ya ukuta umebakiza."

Nikapaangalia pale kwenye kona. Kweli nilikuwa nimebakiza. Nikapasugua mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na wifi akacheka kidogo akaondoka. Nilidhani ananicheka jasho.

Mtaalamu akaja. Mwanamke wa makamo, mkimya, kofia ya majani, mfuko wa kitambaa begani. Alisalimia kila mtu kwa heshima yake, akamwamkia Buti, akakataa kiti. Kaka yangu alikuwepo, na Bwana Mchoro, na kamati nzima tumevaa nguo za kutokea.

"Mmejitahidi," mtaalamu akasema. "Shamba la kando ya mfereji likawa safi hivi, sijaona."

Nikavimba kichwa. Nikamtupia kaka jicho, kwamba umeona.

Alitembea Beseni lote. Alichimba kidogo hapa na pale, akaokota udongo, akaunusa. Halafu akarudi akasimama mbele yangu.

"Katibu, malalamiko yenu yanasema maji hulala hapa karibu kila mwaka. Nionyeshe alama."

"Alama gani?"

"Yalipofika. Kwa kawaida maji huacha takataka kwenye waya. Huacha mstari wa tope kwenye kuta. Matete huota panapotuama. Nimetafuta, sijaona."

Buti alinitazama. Mimi nilitazama ukuta wa pampu, ambao ulikuwa mweupe unaumiza macho.

"Zilikuwepo," nikasema. "Tumezitoa."

"Mmezitoa?"

"Tumefagia. Kwa sababu yako. Ulikuwa unakuja."

Kaka alikohoa kuzuia kicheko. Hakuweza. Akageuka pembeni, mabega yakawa yanatingishika.

Mtaalamu hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko kicheko cha kaka.

"Mna picha? Za wakati maji yamejaa?"

"Maji yakija tunashika majembe, hatushiki simu."

"Hata mmoja wenu?"

Hapo nikakumbuka. "Kaka yangu anazo. Mwaka jana alisimama hapo kwenye tuta anapiga picha huku sisi tunahangaika. Kaka, zitoe."

"Ile simu ilikufa," kaka akasema.

"Ilikufa lini?"

"Ilikufa."

"Umeishika mkononi."

"Hii ni nyingine inayofanana."

Nikamfuata. Watu wakanishika. Bwana Mchoro akarudi nyuma hatua kadhaa na mchoro wake, na mtaalamu akainua mkono kama mwalimu.

"Mama, tafadhali. Mimi naandika ninachokiona na ninachoambiwa. Ulichoniambia nitakiandika. Lakini naandika pia kwamba sikukiona. Mkipata ushahidi, nileteeni. Nitarudi nikiitwa, hata mvua ikinyesha."

Nimemfikiria sana yule mwanamke. Hakunikosea. Alikuja kutazama, nami nikawa nimefuta kila alichotakiwa kukitazama, nikamwekea na kiti.

Mkutano wa wakazi wote ulifanyika katika ukumbi wa shule. Mtaalamu alisoma aliyoyaona, neno kwa neno kama alivyoahidi. Aliposema "wakazi wanadai waliondoa dalili za mafuriko kwa ajili ya ukaguzi", ukumbi mzima uliangua kicheko. Kuna mama mmoja nyuma alicheka mpaka akatolewa nje kupewa maji.

Bwana Mchoro akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nawaulizeni kitu kimoja. Kama mafuriko yanaweza kuondolewa kwa fagio, yanatutisha nini?"

Wakacheka tena. Vijana wa kazi za ujenzi wakapiga makofi. Waliokuwa upande wangu wiki mbili nyuma nikawaona wanainama kutazama viatu vyao.

Nikasimama. "Cheka wewe. Ukishajaza kifusi pale, maji yatakwenda wapi? Nijibu kwa maneno, usinionyeshe picha."

"Tutajenga mtaro wa kisasa."

"Unaoishia wapi?"

"Kwenye mfereji."

"Mfereji huo huo uliojaa? Yaani maji yatoke mferejini, yaingie kwenye mtaro, yarudi mferejini. Yatakuwa yanazunguka tu, yanafanya mazoezi?"

Hapo walicheka upande wangu, na nikaona naanza kusimama imara. Mtaalamu mwenyewe alikuwa anaandika kwa haraka. Lakini kaka akainuka, akavuta suruali juu, akasema kwa upole wa kinafiki:

"Dada yangu ana uchungu, tumwelewe. Ila swali ni dogo. Nani aliamuru alama zifutwe? Kama ziko, kwa nini ufiche? Au hazikuwepo?"

Macho yote kwangu. Macho mia mbili, au zaidi, na wifi mstari wa mbele amevuka miguu.

Nilikuwa na jibu la kweli. Ningesema: ni mimi, nilitaka tuonekane nadhifu, ni ujinga wangu. Maneno mepesi. Lakini kiburi changu mnakijua, mmekisoma tangu mwanzo wa hadithi hii.

"Mimi sikupaka ukuta," nikasema. "Aliyepaka ni Buti. Muulizeni Buti chokaa alipewa na nani."

Ukumbi ukafanya "aaah" ya pamoja. Buti alisimama polepole. Mtu mzima, mwenye wajukuu, na buti zake miguuni. Nusu ya ukumbi walikuwa tayari wanaanza kunong'ona kwamba amenunuliwa.

"Binti," akasema, "uliniambia niupake wote nisiache hata doa."

"Sikumbuki."

Akageukia mlango. "Basi sawa. Kuanzia leo, lango likikuhusu, usiniite. Ugonge reli mwenyewe na shamba ulitembee mwenyewe."

Akatoka. Wakatoka na wengine wa mfereji nyuma yake, mmoja mmoja. Nilibaki nimesimama na kamati yangu ya viti vitupu.

Niwaeleze alichomaanisha Buti, maana ndicho kiini cha balaa. Kulaza maji ni kazi ya watu wawili, tangu enzi na enzi. Juu, kwenye lango la mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, kimening'inizwa kipande cha reli. Mmoja anakigonga. Mwingine anashuka kulitembea Beseni lote, kona kwa kona, kuhakikisha hakuna mbuzi, hakuna mtoto, hakuna aliyelala kivulini. Akimaliza anapiga mluzi kutoka chini. Usiposikia mluzi, hugusi ubao. Na mbao zenyewe unatoa mbili, unasubiri, unaangalia maji yanavyokwenda, ndipo unaendelea. Kwa sababu ukishazitoa na maji yakashika nguvu, huwezi kuzirudisha. Maji yanakupokonya. Mpaka yapungue yenyewe.

Aliyekuwa akinitembelea Beseni miaka yote ni Buti.

Baada ya mkutano, mambo yalikwenda haraka. Kibali hakijatoka, lakini Bwana Mchoro akaleta kontena la ofisi, akalitua Beseni, upande wa mbali. Kaka akaanza kumwaga kifusi mbele yake, "cha majaribio", kikawa kilima cha kutosha kuziba kontena lisionekane kutoka langoni. Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa baba alipokufa ardhi ilibaki ya mama, na mama hajalalamika.

Jioni kaka akaja nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, namlisha uji.

"Mama anatakiwa aweke dole kwenye mkataba wa shamba mbele ya mashahidi," akasema, bila hata kukaa. "Bila hivyo hatuendelei."

"Haweki."

"Sikuongea na wewe."

"Mimi ndiye ninayemwosha. Ongea na mimi."

"Ndiyo maana unajiona mwenye nyumba. Ulirudi hapa na mabegi mawili, dada. Nani alikupokea?"

"Mama. Wewe ulikuwa unauliza kama nitakaa sana."

"Nitamjengea mama nyumba ya juu, ghorofa ya kwanza, maji hata yafanyeje hayamfikii."

"Mguu wake haupandi kizingiti, utampandisha ghorofa?"

"Atabebwa."

"Na nani? Mkeo mwenye kucha?"

Mama akainua mkono wa kushoto. "Nyamazeni," akasema. Halafu akapumzika, akakusanya nguvu, akasema tena, "Nyamazeni wote."

Kaka akatoka akabamiza mlango. Mimi nikaendelea kumlisha mama uji, na machozi yakawa yananitoka kwa hasira. Mama akanitazama, akageuza uso ukutani. Hakutaka uji tena. "Nimewazaa wawili," nadhani ndicho alichokuwa akiwaza, "na wote ndio hawa."

Sasa mvua.

Ilianza juu, mbali, tuliiona tu mawingu. Asubuhi mfereji ulikuwa umepanda na rangi imekuwa ya chai. Kufikia mchana ukawa unalamba tuta. Nilimwacha mama chumbani, nikamfunika, nikamwambia, "Nakwenda langoni, narudi sasa hivi." Akaitikia kwa kichwa.

Nikapanda langoni mbio, nikakaa pale kitambo kirefu nikipima maji yanavyopanda. Huku kwetu nako mvua ikawa imeshafika, inapiga kwa nguvu, na maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kuvuka tuta na kushika njia ya kwenda kwenye kona. Nikawaza mama yuko kitandani na godoro liko chini sana.

Nikaigonga reli. Nikagonga, nikagonga. Niliwaona watu wa mfereji kwenye vibaraza vyao, ng'ambo. Nilimwona Buti. Alikuwa amesimama chini ya bati lake, mikono nyuma, ananitazama.

"Buti, nitembelee Beseni," nikapaza sauti.

Akajisogeza zaidi chini ya bati.

"Baba, nakuomba. Maji yanamwendea mama."

Akageuka akaingia ndani. Labda hakunisikia kwa mvua. Labda alinisikia vizuri.

Sikuwa na mtu wa kushuka, na mimi mwenyewe nikishuka kulitembea lile shamba lote na kurudi, tuta lingekuwa limeshavukwa. Nikajiambia: nani atakuwa Beseni na mvua hii? Mbuzi wote wako mazizini. Wa kontena watakuwa wameshakimbia na gari lao. Nimegonga reli, mwenye masikio amesikia.

Nikatoa ubao wa kwanza. Nikatoa wa pili. Hapo ningesubiri.

Sikusubiri. Naomba mnielewe, na kama hamtanielewa basi. Nilikuwa nimechekwa na ukumbi mzima. Nilikuwa nimeitwa mwongo juu ya maji ninayoyajua tangu nikiwa mtoto. Nikawaza lile kontena na michoro yake, na kile kifusi cha kaka yangu, na yule mtaalamu aliyesema atarudi hata mvua ikinyesha. Arudi sasa aone alama. Aone alama mpya kabisa, mpaka juu ya kufuli la mlango.

Nikatoa wa tatu. Nikatoa wa nne, ukang'ang'ania, nikauvuta kwa uzito wangu wote mpaka nikaanguka nao mgongoni. Nikautoa hadi ule wa chini kabisa, ambao siku zote huachwa. Maji yakaingia Beseni kwa kishindo, yakapanuka, yakaanza kukimbilia ule upande wa mbali kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, maana tulikuwa tumefyeka matete yote yanayoyapunguza mwendo.

Nilicheka. Mvua inaniingia mdomoni na mimi nacheka. Nikalitazama tuta, maji yameanza kushuka chini yake, na nikasema kwa sauti, "Mama, umepona."

Nikateremka kwenda nyumbani kumwambia. Nilikuwa nakimbia kama msichana, nguo zimenigandia. Ua ulikuwa mkavu, maji hayakufika hata kwenye miche. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Nikaingia. Chumbani kwa mama alikuwepo wifi, amelowa mpaka nywele, ana tope hadi magotini, anafungua kabati na kutupa nguo kitandani. Kitanda kilikuwa kitupu. Kiti cha magurudumu hakikuwepo.

"Mama yuko wapi?"

"Na wewe salimia kwanza."

"Wifi. Mama yuko wapi?"

"Usinitolee macho. Tumempeleka kuweka dole, kaka yako alisema tukikusubiri wewe hatutamaliza. Tulipoona umetoka tukamchukua. Hakukataa, alinyamaza tu." Akapekua rafu ya juu. "Mashahidi walikuja, mvua ikachafua kila kitu, wakaingia kwenye gari wakaondoka na Bwana Mchoro wao. Shuka zake nzito unaziweka wapi? Na dawa zake za jioni nazitafuta sizioni."

"Mmempeleka wapi?"

"Kule ofisini kwao, wapi tena. Kwenye kontena. Kiti chake kilipita pakiwa pakavu, sasa hakipiti kwenye tope, kaka yako amekwenda kuleta tipa ambebe. Sasa naye kapiga simu, kakwama darajani."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Yuko na nani?"

"Yuko peke yake, na hana shida, nimemwacha mkavu. Ule mlango ulikuwa unapigwapigwa na upepo, nikaufunga kwa komeo la nje." Akageuka na shuka mkononi, akaniona usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Una nini wewe?"

"Nimefungua lango."

Wifi yangu ameolewa kando ya mfereji huu. Pamoja na kucha zake zote na soda zake zote, anajua lango ni nini. Alilikalia lile godoro la mama taratibu, shuka limemwangukia miguuni.

"Umetoa mbao ngapi?" akauliza.

"Zote," nikasema.